Watu wanane, sufuria mbili na Noah mbili: kisa cha familia moja ya Mombasa

Familia inayozungumziwa hapa inaishi kisiwani Mombasa. Ilikuwa na Toyota Noah ya zamani, ikataka kujua kama toleo jipya la gari hilohilo lingewapa nafasi ya kutosha kustahili pesa zake. Waliniita niwasaidie kulinganisha na kukagua. Wameridhia kisa chao kiandikwe. Mtaa, kazi ya baba na mambo mengine ya kuwatambulisha nimeyaondoa.

Nimeona kinafaa kuandikwa kwa sababu swali lao naulizwa mara kwa mara, na karibu kila mara linaulizwa vibaya: "Ipi kubwa, ya zamani au mpya?" Ukubwa wa gari la familia hauonekani mpaka kila mtu awe amekaa mahali pake na mikanda imefungwa. Hata hapo, kuna gari linaloonekana dogo kumbe ni bovu.

Usuli

Nyumba ina watu wanane: baba, mama, watoto wanne, bibi mzaa baba, na mpwa wa mama aliyeletwa mjini kusoma. Mtoto mkubwa yuko kidato cha tatu na ni mrefu kuliko babake. Mdogo bado anakaa kwenye kiti cha mtoto. Bibi anaumwa goti kwa miaka mingi.

Mama hupika kwa oda: harusi, maulidi, hitima. Siku ya shughuli hutoka na sufuria mbili kubwa za pilau, masinia, ndoo za kachumbari na vyombo vya kupakulia. Mbali na kazi, kila baada ya wiki kadhaa familia nzima huvuka kwa feri ya Likoni kwenda Msambweni kwa wazee wa mama, na hurudi na nazi, mihogo na chochote kilichovunwa.

Gari lao lilikuwa Noah ya mwaka 2008 ya watu 8, ya kizazi cha pili, kile kilichotengenezwa kuanzia 2007 hadi mwanzo wa 2014. Walilinunua hapahapa likiwa limeshatumika. Gari walilolitamani ni la kizazi cha tatu, cha 2014 hadi 2021. Toyota Voxy ni mwili uleule wenye sura nyingine, kwa hiyo yote nitakayosema kuhusu nafasi yanaihusu pia.

Malalamiko mawili

Baba alisema gari limekuwa dogo, watoto wamekua. Mama alisema gari si dogo, limechoka. Walikuwa wamebishana kwa muda, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake.

Niliomba niwaone wakiingia kama wanavyoingia siku zote, bila kupanga chochote. Baba alikaa kwenye usukani, na bibi akawekwa mbele kwa sababu ya goti, akishikwa mikono yote miwili. Kati ya sita waliobaki, watano walibanana katika kiti cha kati, mmoja amepakatwa, huku kiti cha nyuma kabisa kikiwa na mtu mmoja tu, yule kijana mrefu, tena kwa kulazimishwa.

Nikamuuliza kwa nini wenzake hawakai naye. Akajibu kwamba huko nyuma ni tanuri. AC ya nyuma ilikuwa imekufa zamani. Katika msimu wa kaskazi, kwenye foleni ya feri, vioo vya nyuma havifunguki na hewa ya mbele haifiki. Kwa hiyo gari la watu 8 lilikuwa likitumika kama gari la watu 5, na familia ikaliita dogo.

Nilipolala chini kutazama, bomba la AC ya nyuma, ambalo hupita chini ya sakafu, lilikuwa limeliwa na kutu na gesi imetoka yote. Hewa ya chumvi ya Mombasa haichagui gari, lakini mabomba na vikamatio vilivyo chini huathirika mapema, hasa gari lisipooshwa sehemu za chini kwa maji yasiyo na chumvi. Giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, nayo ilitetemeka kila gari lilipoondoka, na mlango wa kuteleza wa kushoto uligoma katikati ya reli.

Uamuzi wa kwanza: tengeneza kabla ya kulinganisha

Niliwashauri watengeneze AC ya nyuma kwanza, hata kama wameshaamua kuuza. Sababu ni mbili. Gari lenye AC inayofanya kazi huuzika kwa bei nzuri zaidi Pwani. La pili, na ndilo kubwa zaidi kwangu, ni kwamba usipofanya hivyo unalinganisha ubovu wa gari moja na uzima wa jingine, na jipya litashinda kabla hujaligusa.

Baba aliona ni kupoteza pesa, mama akasimamia. Fundi alikata kipande kilichooza, akaweka kingine, akajaza gesi. Safari iliyofuata ya Msambweni watoto wawili walikwenda nyuma wenyewe, na hapakuwa na aliyepakatwa. Sehemu kubwa ya "udogo" wa gari iliondoka kwa matengenezo ya siku moja.

Lakini haikuondoka yote. Bibi bado alishindwa kupanda bila kushikwa. Mizigo bado ilikosa pa kukaa. Na ile CVT iliendelea kutetemeka. Hapo tulikuwa na orodha ya kweli ya kutafutia gari.

Siku ya kupima

Tulikwenda kwenye yadi iliyokuwa na Noah mbili za kizazi cha tatu: moja ya petroli ya watu 8, nyingine haibridi (ya petroli na umeme) ya watu 7. Tukaegesha ile ya 2008 pembeni. Muuzaji alisita kidogo kuona familia nzima ikishuka na sufuria mbili tupu, lakini alituachia.

Kwa nje tofauti ni ndogo. Ya zamani ina urefu wa milimita 4,595, mpya 4,695. Sentimita 10 tu. Upana wa zote mbili kwa modeli za kawaida ni milimita 1,695, na hilo halikutokea kwa bahati. Japani huweka magari yasiyozidi milimita 1,700 na injini isiyozidi lita 2.0 katika daraja dogo la usajili, ndiyo maana Toyota imekuwa ikijenga ndani ya mpaka huo. Mwenye kupita Mji wa Kale au kuegesha Majengo anafaidika na sheria ya nchi nyingine bila kujua.

Tofauti kubwa iko chini. Sakafu ya kizazi cha tatu imeshushwa. Kizingiti cha mlango wa kuteleza kiko sentimita 36 hivi kutoka ardhini, na ndani sakafu ni sawa tangu mlangoni. Ya zamani kizingiti chake kiko juu zaidi, na mtu hupanda. Bibi alisogea kwenye ile mpya, akashika mshikio wa nguzo, akaingia na kukaa kiti cha kati. Mwanawe alipomnyooshea mkono, alimwambia, "Niache baba, hii naingia mwenyewe." Sikuhitaji futi kupima jambo hilo.

Kisha wakaingia wote wanane, kila mtu na mkanda wake. Mpya ilikuwa na nafasi zaidi ya magoti kwa wa kati na wa nyuma, na dari yake ni ya juu zaidi kwa sababu sakafu imeshuka. Yule wa kidato cha tatu alikaa nyuma bila kuinamisha kichwa. Hata hivyo kiti cha nyuma kabisa ni chembamba katika magari yote mawili. Kwa safari ya saa moja hakina tatizo. Kwa safari ya kwenda Malindi na kurudi siku hiyohiyo, mtu mzima ataulalamikia mgongo. Isitoshe, kiti cha kati hutelezeshwa mbele na nyuma, na kila hatua aipatayo wa kati anapokonywa wa nyuma. Lazima wakubaliane.

Watu wakiwa ndani, tukafungua buti. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa sababu picha za mauzo huonyesha buti viti vya nyuma vikiwa vimekunjwa. Viti vyote vikitumika, nafasi iliyobaki ni ya mabegi yaliyosimamishwa wima, basi. Mpya ina shimo chini ya sakafu ya buti linalosaidia. Bila shimo hilo, tofauti ya magari hayo mawili upande wa mizigo ilikuwa ndogo mno kuitolea pesa.

Mwisho tukawatoa watu, tukakunja viti vya nyuma. Katika vizazi vyote viwili viti hivyo huinuliwa na kubanwa kwenye kuta za pembeni. Katika mpya vinalala karibu zaidi na ukuta, na sufuria ya pili iliingia bila kuinamishwa. Sakafu kuwa chini kulimfaa mama zaidi ya nilivyotarajia: sufuria la pilau lililojaa si kitu cha kuinua kiunoni, na kila sentimita anayopunguziwa mbebaji ina thamani.

Pendekezo la ami

Ami yake baba, mtu wa biashara ya usafiri kwa miaka mingi, aliwaambia waache Noah zote wanunue HiAce. Neno lake lilikuwa na uzito. HiAce ya van yenye mwili wa kawaida, ile iliyoanza 2004, ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695, sawasawa na Noah ya kizazi cha tatu. Ndani, hata hivyo, HiAce inameza mizigo mingi kuliko Noah, kwa sababu injini yake imewekwa chini ya viti vya mbele badala ya kuchukua pua nzima ya gari.

Lakini gharama ya mpango huo hulipwa na abiria. Sakafu iko juu, wa mbele wanakaa juu ya injini na magurudumu, na viti vya nyuma vya van vimetengenezwa kwa wafanyakazi wa safari fupi. Bibi alitazama hatua ya kupandia, akatikisa kichwa, na ami mwenyewe akasema, "Haya, mama akikataa hakuna mjadala." Kama shughuli za upishi zingekuwa ndiyo mapato makuu ya nyumba, ningemuunga mkono ami. Haikuwa hivyo.

Uamuzi na sababu zake

Baba alivutiwa na haibridi. Injini yake ni ya lita 1.8 ikisaidiwa na mota, na kwa foleni za Kongowea na Changamwe uokoaji wa mafuta ni wa kweli. Ila viti vya kati ni viwili vilivyotengana, na gari linabeba watu 7. Wao ni wanane. Baba alisema mdogo atapakatwa. Hapo nilikataa waziwazi: mtoto wa kupakatwa hulindwa na mikono ya mtu tu, na breki ya ghafla ina nguvu kuliko mikono hiyo. Familia ya wanane inunue gari la wanane.

Tukabaki na ya petroli. Niliwaeleza mapema kwamba wasitarajie maajabu ya mafuta, kwa sababu injini ni ya ukoo uleule wa 3ZR wa lita 2.0 uliokuwa kwenye gari lao la zamani, tena zote zina CVT.

Ile ya yadini ilikuwa ya modeli yenye bampa pana za kimichezo, upana milimita 1,735 na mdomo wa mbele uko chini. Inapendeza macho. Lakini wao huvuka Likoni, na maji yakipwa, mteremko wa kuingia na kutoka feri huwa mkali. Magari yenye mdomo wa chini huburuza pale. Ndiyo, kuna njia ya Dongo Kundu ya kwenda kusini bila feri siku hizi, ila mtu wa kisiwani hataizunguka kila safari. Waliamua kuagiza Japani modeli ya kawaida ya watu 8.

Hiyo ilikuwa 2025. Kwa kanuni ya Kenya ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, mwaka wa chini kabisa ulikuwa 2018. Kanuni hiyo ina maana nyingine ambayo wanunuzi huisahau: Noah ya kizazi cha pili haiwezi tena kuletwa kutoka nje. Kila moja unayoiona ikiuzwa imeshakula barabara na chumvi zetu, kwa hiyo mwaka pekee hautoshi kuipima, ikaguliwe chini.

Katika karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linapouzwa mnadani Japani, tuliangalia alama ya jumla, kilomita na maelezo ya kutu, na tukaomba picha za chini ya gari. Gari lililotumika Hokkaido au mikoa mingine ya theluji linaweza kufika bandari ya Kilindini na kutu yake tayari, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Moja tuliyoipenda bei tuliiacha kwa sababu hiyo.

Vilevile walimuuliza wakala wa bima kama kubeba chakula cha oda kunaathiri bima yao, wakapata jibu kwa maandishi kabla ya kulipa.

Matokeo

Gari lilifika na kutolewa bandarini bila mkwamo. Noah ya zamani iliuzwa upesi. Mnunuzi aliambiwa ukweli kuhusu CVT na bei ikashushwa kwa ajili hiyo, lakini AC iliyotengenezwa ilisaidia.

Bibi ndiye aliyefaidika kuliko wote. Alikuwa ameacha kwenda hitima na harusi za mbali kwa kuona haya kubebwa mbele za watu. Sasa hukaa kiti cha kati karibu na mlango wa kushoto, ule wa umeme unaofungukia ukingo wa barabara. Watoto hawagombani tena kuhusu kiti cha nyuma kwa kuwa hewa ya darini inawafikia.

Shida ikaja kutoka mahali ambapo familia haikupatazama. Kama nyingi za kizazi hicho, gari lilikuja bila tairi la akiba. Lina kopo la dawa ya kuziba na pampu ndogo. Wakiwa wamepita Ukunda, jiwe lilichana tairi ubavuni, na dawa ile haizibi mchano wa ubavu. Walikaa kando ya barabara watu wote wanane, bibi akiwa kwenye jua, mpaka ndugu kutoka Msambweni akawaletea tairi la kuazima. Wiki hiyo walinunua tairi la akiba. Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kuliweka: kwenye lile shimo la buti lililowapa nafasi ya mizigo.

Kwa hiyo upande wa mizigo, viti vikiwa vimejaa, wamerudi karibu walipokuwa na gari la zamani.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kutenganisha malalamiko. Joto, kutu na mlango mbovu ni matengenezo. Urefu wa kizingiti na idadi ya viti ni umbo, na fundi hawezi kuvibadilisha. Yaliyohitaji gari jipya kwa kweli yalikuwa mawili: goti la bibi na CVT. La pili lingeweza kuamuliwa kwa kipimo cha giaboksi na bei ya nyingine iliyotumika. La kwanza halikuwa na njia nyingine.

Nasema wazi: kama bibi asingekuwa na goti lile, ningewashauri wabaki na ya 2008, watengeneze giaboksi, wabadilishe roli za mlango, na pesa zinazobaki, ambazo ni nyingi, zisomeshe watoto. Sentimita 10 za urefu hazilipi tofauti ya bei. Sakafu iliyoshuka inalipa, lakini kwa nyumba yenye mzee, mgonjwa au mtu wa kubeba vitu vizito kila wiki.

Kupima na watu wote kulizuia kosa la haibridi. Baba alikuwa karibu kulipa, na kwenye karatasi 7 na 8 zinakaribiana. Walipokaa, mtoto mmoja alibaki amesimama nje ya mlango, na mjadala ukaisha.

Kilichoshindikana ni hesabu ya mizigo ya Msambweni. Familia ilitumaini gari jipya litalitatua jambo ambalo gari la ukubwa huu halilitatui, liwe la zamani au jipya. Watu wanane na magunia ya nazi hawaenei ndani ya mita 4.7 zenye injini mbele. Tairi la akiba nalo lilipaswa kuulizwa kwa muuzaji kabla ya kulipa, ili nafasi ya buti ipimwe likiwa ndani. Kila anayelinganisha Noah hizi ainue kile kifuniko cha sakafu ya buti atazame kilichomo.

Fremu ya mizigo juu ya dari imejadiliwa. Baba anaitaka, mama anasema nani atakayepandisha gunia juu ya gari la mita 1.8 kijana akienda chuo. Kwa sasa nazi huja siku ya pili na matatu ya ndugu. Siku za harusi sufuria husafiri kwa Noah na mama, mpwa na mtoto mmoja, na waliobaki hufuata kwa tuktuk.